Goti la Mama na Maombi Marefu

Bibi yangu, mama yake mama, alimaliza miaka yake ya mwisho akitambaa. Sisemi alitembea polepole, wala sisemi alitembelea fimbo. Alitambaa kwa mikono na makalio, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka penye jua, huko kwetu magharibi, karibu na ziwa. Sisi watoto tulidhani hivyo ndivyo mabibi wote husafiri. Dada mkubwa wa mama akafuata njia hiyo hiyo. Halafu zamu ikafika kwa mama.

Mama alikuja Kericho akiwa msichana mwenye miguu ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ingeshindana na swara na kumwacha swara akiuliza njia. Akaandikwa kazi ya kuchuna majani chai, na akachuna mpaka akastaafu. Nikisema nusu ya Ulaya iliamka asubuhi kwa majani ya mama yangu mtasema natia chumvi. Ni kweli natia, lakini si kijiko kizima. Ile milima ukiiona ukiwa ndani ya gari ni kama blanketi la kijani lililotandikwa vizuri. Ipande na kikapu mgongoni, alasiri, mvua ikiwa imeshuka na gauni la plastiki likikupiga miguuni, ndipo utajua kwamba hilo blanketi lina mawe chini yake. Kupanda ni mapafu. Kushuka ni magoti.

Mimi ni binti yake wa pekee. Nami nilichuna, katika mashamba hayo hayo, mpaka mashine zilipoletwa na wengi wetu tukashukuriwa kwa pamoja, asubuhi moja, kama watu waliokuja harusini bila kualikwa. Siku hizi nauza uji na maandazi karibu na lango la kiwanda. Maandazi yangu, bila kujisifu, yamewahi kuzuia mgomo. Lakini hayo si ya leo.

Ya leo yalianza asubuhi moja jikoni, nilipoinuka kutoka kwenye kigoda na goti langu la kulia likasema *ka*. Sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Nikacheka. Nikasema, "Hata hili sasa linataka kuchangia mazungumzo."

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini. Alilitazama goti langu jinsi mtu anavyomtazama mgeni ambaye alishawahi kuiba katika nyumba hiyo.

"Limeanza lini?"

"Mama, ni baridi tu."

"Sijakuuliza ni nini. Nimeuliza limeanza lini."

Siku hiyo, mama yangu, ambaye kwa miaka mingi alikataa kusikia habari ya daktari wa mifupa, ambaye alijipaka mafuta ya kila mnyama isipokuwa kifaru, alikubali kwenda hospitalini. Na nataka ieleweke mapema: hakwenda kwa ajili ya goti lake. Alikwenda kwa ajili ya langu. Alitaka mtu aliyesoma amwambie ni kitu gani kinachokula magoti ya wanawake wa ukoo wetu, ili kiishie kwake.

Tulikwenda hospitali moja ya misheni, upande wa Bomet. Daktari aliiweka ile picha ya eksirei kwenye mwanga akatuonyesha. Katikati ya goti la mtu mzima kunapaswa kuwa na nafasi, akasema, na katika nafasi hiyo kuna gegedu, ile nyama ngumu, nyororo, inayong'aa, kama uliyoiona kwenye mfupa wa kuku. Kwa mama hapakuwa na nafasi. Mfupa umekaa juu ya mfupa. Goti la kushoto ndilo lililokuwa baya zaidi. Lingekatwa pale lilipoharibika, na chuma kiwekwe. La kulia lingengoja zamu yake. Mipango ya bima na michango ya kanisa ilichukua msimu mzima wa mvua, sitawachosha nayo.

Ni katika kliniki ile, siku ya kupimwa kabla ya upasuaji, ndipo tulipokutana na yule mwalimu. Alikuwa mhadhiri kijana kutoka chuo kikuu kilichoko Kabianga, binti wa Kipsigis, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyefundishwa kutokatiza wakubwa. Alisalimia "Chamgei, mama," kisha akaona kwenye faili sisi ni wa wapi, akarudia kwa Kiswahili. Alikuwa anakusanya vipande vya gegedu kutoka kwa watu wanaobadilishwa magoti. Akauliza kama mama angekubali kutoa kile kitakachokatwa.

Mama akanigeukia. "Huyu hapa ndiye atanieleza," akamwambia mwalimu. "Alisoma usiku. Wewe ongea, yeye atanitafsiria mchana."

Ni kweli nilisoma usiku. Nilikuwa katika yale masomo ya watu wazima, kwenye darasa la shule ya msingi ya kambi ya wachunaji, tumekalia madawati ya watoto wadogo mpaka magoti yanagusa masikio. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na mwanangu. Alinishinda hesabu, nikamshinda Kiswahili, na katika biolojia tukatoka sare, ingawa yeye anasema refa alinipendelea. Kwa hiyo mhadhiri aliposema "RNA" nilitikisa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani.

Lakini hakuhitaji mkalimani. Alivuta kiti, akakaa chini kuliko mama, akaeleza. Kila seli ya mwili, akasema, ina kitabu kikubwa cha maagizo, na kitabu hicho hakitoki nyumbani. Seli ikitaka kujenga kitu inanakili ukurasa mmoja na kuutuma nje. Nakala hiyo ndiyo RNA. Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu tu zile nakala zinazobeba maagizo ya kujenga protini. Zile nyingine, ambazo hazijengi chochote, wakaziona ni takataka.

"Kumbe ni nyingi kuliko zile zinazojenga," akasema. "Na zina kazi. Zenyewe hazijengi, lakini zinaamua nani ajenge na nani anyamaze."

"Nyapara," mama akasema.

"Samahani?"

"Hao nawajua. Hachuni hata jani moja. Lakini akipiga firimbi shamba lote linasimama."

Mwalimu akacheka, akafunika mdomo. "Ndiyo, mama. Karibu hivyo. Kuna ndogo ndogo, hizo kazi yao ni kunyamazisha ujumbe usifike. Kuna ndefu. Halafu kuna zingine zimejikunja kama pete, hizo zinawashika wale wadogo wasiweze kunyamazisha."

"Kwa hivyo nyapara naye ako na nyapara wake?"

"Ako naye."

"Basi si ajabu goti limeharibika."

Hata nesi aliyekuwa akipima presha alicheka mpaka ikabidi aanze upya. Mwalimu akaendelea, taratibu. Katika goti kama la mama, alisema, inaonekana baadhi ya hao manyapara wamebadilisha amri. Seli zinazotengeneza gegedu zinaambiwa kaeni. Vile vitu vinavyokula gegedu vinaambiwa endeleeni. Wao chuoni walitaka kujua ni nyapara gani, na amri ipi.

Mama akaacha mzaha. Aliuliza polepole, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuishika. "Mama yangu alitambaa. Dada yangu alitambaa. Mimi ndio huyu. Na huyu hapa goti limeanza kulia. Mkisoma langu, mtajua kwa nini ni sisi?"

Nitamheshimu yule mhadhiri mpaka siku ya mwisho kwa sababu hakudanganya. Angeweza. Alisema, "Mama, sitakuahidi. Uharibifu mwingi pia ni kazi ya mlima, na kikapu, na umri. Wewe, jambo hili halitakusaidia. Dada hapa, sijui. Lakini familia kama yenu hatujapata. Goti lako linaweza kutuambia kitu ambacho mengine hayasemi."

"Linaweza."

"Linaweza."

"Hilo linatosha," mama akasema. "Mimi nimeishi na 'linaweza' maisha yangu yote."

Ikabaki shida moja. Kwetu, kitu kilichokatwa kutoka kwa mtu aliye hai hakitupwi. Mjomba wangu alipokatwa mguu baada ya ajali, mguu ulirudishwa nyumbani, ukachimbiwa kaburi nyuma ya nyumba, ukaombewa, na yeye mwenyewe akakaa kitini akiangalia. Alikuwa akisema ndiye mtu pekee katika kata nzima aliyehudhuria mazishi yake na akala nyama. Kwa hiyo mama aliuliza: mkimaliza kusoma, mtanirudishia nikazike?

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Mama, kinagandishwa kwa baridi kali sana, halafu kinasagwa chote. Hakuna kitakachobaki."

Mama akavuta mkoba wake. Nikajua tumeshindwa, tunarudi nyumbani na magoti yetu yote. Ndipo akasema, "Basi kitaombewa kabla hakijaenda. Kama mtu."

"Ni sawa, mama. Lakini," na hapa mwalimu akachagua maneno, "iwe fupi. RNA ni kitu ya haraka. Ikishatoka mwilini inaanza kukatika vipande vipande. Lazima niiweke kwa baridi mara moja."

"Kama jani," mama akasema. "Jani likikaa kwa gunia linageuka jekundu, karani anakataa."

"Kama jani kabisa."

"Mimi nitafundishwa na nani kuhusu jani? Itakuwa fupi."

Hapo ndipo ningependa hadithi hii iishie.

Siku ya upasuaji, akina mama wa ushirika wetu wa kanisa walikuja. Nilitarajia wawili au watatu. Walijaza ile korido mpaka mfagiaji akapanda juu ya benchi na ndoo yake. Wengi walikuwa wachunaji wastaafu, na nikiwatazama walivyoingia, huyu akiyumba kushoto, yule kulia, niliona msafara mzima wa magoti mabovu umekuja kuaga mwenzao. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke mkubwa, mwenye sauti inayoweza kuita ng'ombe kutoka wilaya nyingine. Yeye na mama walishiriki mstari mmoja wa chai tangu wakiwa wasichana. Wakati mama akisukumwa kuingizwa ndani, alimwinamia akasema, "Dada, goti lako halitaondoka kama yatima."

Mwalimu alikuwa amekaa penye mlango, na chupa yake kubwa ya chuma, ile ya baridi kali, miguuni. Ukiifungua kidogo, moshi mweupe ulimwagika chini kama ukungu wa asubuhi. Akina mama walikaa mbali nayo. Nilimweleza mwenyekiti, nikarudia: maombi mafupi, kama ya kubariki chai.

"Mimi sina maneno mengi," mwenyekiti akasema.

Mlango ulipofunguliwa, nesi alitoa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cha kijani, likiwa juu ya barafu, akasema daktari amemaliza sehemu hiyo na mama anaendelea vizuri. Nikaona machozi ya shukrani kwenye nyuso zote. Mwalimu akalipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti akaweka kiganja juu ya kitambaa, na wengine wakaweka mikono juu ya mgongo wake, na wengine juu ya migongo ya hao, mpaka korido yote ikawa kitu kimoja kilichoshikana. Mwalimu alikuwa katikati, bakuli mkononi, kichwa chini, macho yamefungwa.

Mwenyekiti akaanza. Alimshukuru Mungu kwa goti. Akataja milima ambayo goti hilo lilipanda, akaitaja kwa majina ya mashamba. Akataja watoto waliobembelezwa juu yake. Akasema ni goti lililopiga magoti, Bwana, tangu ujana wake. Watu wakaanza kulia. Nami nililia. Yalikuwa maombi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na hapo sitii chumvi hata punje.

Kisha akaombea daktari. Akaombea manesi, na umeme usipotee. Akaombea chuo kikuu, wahadhiri wake wasigome, wanafunzi wake wasichome bweni. Nikafungua jicho moja. Barafu ilikuwa imeanza kudondosha maji sakafuni. Akaombea mvua ya mawe ipite mbali na chai. Mzee mmoja aliyekuwa akimngoja mkewe akaja na bahasha ya eksirei, akaomba nayo iwekwe chini ya mkono. Ikawekwa. Mwenyekiti akaombea mifupa yote ya kaunti ile na kaunti jirani, kisha vijana wasio na kazi, kisha viongozi wa nchi, na hao walichukua muda wao, kwa sababu wana mengi.

Alipofika kwenye amina, mke wa mchungaji, aliyeshindwa kufika, akapiga simu. Wakamweka kwenye spika. Aliomba mpaka mtandao ukakatika. Nikashusha pumzi. Akapiga tena. Akaanza upya, kwa sababu hakujua ni wapi tulipoacha kumsikia.

Hao walikuwa watu ambao maisha yao yote walisimama kwenye kituo cha kupimia wakilaani lori lililochelewa, huku mkono umezamishwa ndani ya gunia kupima joto la majani. Hakuna aliyejua zaidi yao kwamba kilichochunwa hakingoji. Lakini jani ni la kampuni. Goti ni la mtu, na mtu haagwi mbio mbio. Na nani angemkatiza mwenyekiti? Mimi? Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake. Nilimtazama mwalimu. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka, nikadhani anaomba. Baba yake ni mzee wa kanisa huko kwao Bomet. Alikuwa amelelewa kwamba mtu akiwa anaomba, hata nyumba ikishika moto, unangoja amina ndipo utafute maji.

Amina ilipokuja, kwa kweli ilitikisa madirisha. Mwalimu alikimbia na bakuli mpaka kwenye chupa yake. Moshi ukamfunika usoni. Hakutuambia lolote. Alishika mkono wa mwenyekiti akamshukuru kwa lugha ya kwao, "Kongoi, mama."

Miezi iliyofuata, mama alijifunza kutembea na goti la chuma. Alilia, akamtukana kijana wa mazoezi ya viungo, akamwomba msamaha, akamtukana tena. Kisha asubuhi moja akatoka nje ya nyumba bila kushika ukuta. Lakini mwili haukuwa umemaliza kutudai. Alipokuwa chini ya dawa ya usingizi presha yake ilipanda, moyo ukayumba, na daktari alipomwona tena alisema wazi: goti la kulia halitaguswa. Moyo hautastahimili mara ya pili. Kwa hiyo mama akawa mtu wa miguu miwili isiyofahamiana, mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama upinde. Akitembea ni kama mashua ndogo yenye kasia moja.

Hakujali. Alikuwa na kitu cha kujivunia. Kila mtu aliyepita kununua uji alijua kwamba goti la mama liko chuo kikuu. Alilisema vile wengine wanavyosema mtoto wao yuko chuo kikuu. "Langu linasoma," alikuwa akisema. "Limeingia bila hata kufanya mtihani." Halafu alikuwa akinitazama miguu, akidhani sioni, na uso wake ukilegea kidogo. Alikuwa anangoja. Alikuwa na hakika kwamba siku moja mwalimu atafika na jina la yule nyapara.

Mwalimu akafika. Alikuja alasiri, kabla ya mvua, na sukari, mkate, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchachua, ambacho mama yake mwenyewe alikisafisha kwa makaa. Mtu hakuletei vitu hivyo vyote kama ana habari njema. Habari njema huja mikono mitupu, inapiga kelele kutoka barabarani. Nikamkaribisha. Akanywa chai kikombe kizima kabla ya kuongea.

"Mama, nimekuja kukuambia mwenyewe. Ile sampuli yako haikusomeka."

"Haikusomeka vipi?"

"RNA ilikuwa imekatika. Mashine inaonyesha vipande tu. Ni kama barua iliyochanwa, huwezi jua nani aliandika nini. Tumejaribu mara nyingi. Samahani sana, mama."

"Na wale wengine? Magoti ya watu wengine?"

"Hayo yanasomeka. Kazi inaendelea."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nje upepo wa mvua ulianza kugeuza majani ya chai, upande wao wa chini uking'aa. Aliuliza, "Kwa nini langu?"

Mwalimu alinitazama mimi, kisha kikombe. "Lilichelewa kidogo kuingia kwa baridi."

Mama hakuwa mjinga. Alikuwa amelala ndani wakati ule, lakini alikuwa amesimuliwa yale maombi mara nyingi, neno kwa neno, kwa furaha, na kila mmoja aliyekuwepo. Nilimwona akiyapitia kichwani. Milima. Daktari. Umeme. Mvua ya mawe. Viongozi. Simu. Simu tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza lori likija kutoka mbali sana, na giza linaingia.

"Si ungewaambia wanyamaze," akasema mwishowe, bila hasira.

"Mama," mwalimu akasema, na sasa alikuwa analia, "mtu anaanzaje?"

"Ndiyo," mama akasema. "Mtu anaanzaje."

Tukakaa. Mvua ikaja juu ya mabati kwa kishindo, jambo ambalo kwalo namshukuru Mungu wa Kericho. Ilipopungua, mama akauliza, "Na hili la kulia?"

"Daktari alisema hapana, mama."

"Najua alichosema. Nauliza nikifa. Mnaweza kulichukua nikifa?"

Mwalimu akapangusa macho. Alieleza, kwa upole wake wote, kwamba inategemea saa, na mahali, na nani yuko karibu. Kwamba wao walipewa ruhusa ya wanaopasuliwa tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akanitazama. Alitazama uso wangu kwanza. Halafu akashusha macho mpaka kwenye goti langu, na hakujificha tena.

"Basi itabidi wangoje la huyu," akasema.

Nimeshasema mimi ni mtu wa kucheka. Nilitafuta kicheko siku hiyo kama mtu anavyotafuta funguo katika mifuko yote, hata ile iliyotoboka. Nilisema kitu kuhusu goti langu kwenda chuo kikuu kabla yangu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinishika mkono kwa nguvu wakati wa kuondoka, na mama hakumsindikiza mpaka barabarani kama ilivyo desturi. Alibaki mlangoni, mguu wa chuma mbele.

Alipotoweka, mama akaniambia, "Wale wasijue."

"Akina nani?"

"Unajua akina nani. Walikuja na magoti yale yao. Mwenyekiti alitoka kitandani na homa." Akafunga mlango. "Hawakunifanyia ubaya. Hawatajua."

Kila Alhamisi alasiri ushirika hukutana, nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilifika majuma machache baadaye. Wakajaza sebule, makoti yao yakitoa harufu ya mvua na moshi, nikapitisha chai na maandazi. Walipofika kwenye shukrani, mwenyekiti akasimama, akishikilia meza kwa mikono yote miwili, maana magoti yake yeye hayana bima wala mhadhiri.

"Tumshukuru Mungu kwa goti la dada yetu," akasema, "ambalo hivi sasa linasomwa na maprofesa. Tulilisindikiza vizuri. Lisomwe mpaka lifungue siri, ili hawa mabinti wetu wasitambae."

"Amina," wakaitikia.

"Amina," mama akasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha mwenyekiti akaniambia niombe mimi, kwa sababu ni nyumba yetu. Niliinuka kutoka kwenye kigoda. Chumba kilikuwa kimetulia, macho yote yamefungwa, na goti langu likasema neno lake, wazi kabisa, mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyesogea. Mama peke yake alifungua macho. Tulitazamana juu ya vichwa vile vilivyoinama, yeye na mimi, mpaka akatikisa kichwa kidogo kunionyesha nianze. Nikaanza. Sikujua niombe nini, kwa hiyo nikaomba mvua ya mawe ipite mbali na chai.